Bei iandikwe wazi chini ya picha
Mfanyabiashara mdogo anayeuza vitenge kupitia Instagram humpoteza mnunuzi pale anapoandika "bei njoo inboksi", kwa sababu mtu aliyekwisha kupenda kitambaa huhofia kwamba atapangiwa bei kwa kutazamwa sura, naye hupita kimya. Andika bei, vipande vilivyobaki, mahali duka lilipo na gharama ya kutuma mikoani. Picha ipigwe mchana, mlangoni au karibu na dirisha, na hapa nasisitiza, bila filta yoyote, kwa kuwa kitenge cha damu ya mzee kikionekana chekundu kwenye simu, mteja atakirudisha. Instagram huruhusu kubandika machapisho 3 juu kabisa ya ukurasa. Mojawapo lieleze namna ya kuagiza na kulipa.