Tempera ya yai kwa udongo wa Kigoma, na picha alizozificha Wyeth

Mwaka 1986 Wamarekani walipata habari kwamba Andrew Wyeth, mchoraji wa mashamba ya Chadds Ford, Pennsylvania, alimchora jirani yake Helga Testorf kwa siri kuanzia 1971 hadi 1985. Kazi zilifika takribani 240. Magazeti yalikimbilia uvumi wa mapenzi, ilhali maisha yale ya faragha yamo ndani ya kazi zenyewe: nyingi ni penseli na rangi za maji, na tempera, yaani rangi iliyochanganywa na kiini cha yai, ni chache mno. Kwa hiyo usianze na yai. Mchore mtu mmoja tena na tena, shingo, mkono, msuko wa nywele, mpaka umzoee.

Kisha andaa ubao. Loweka gramu 7 za jelatini isiyo na ladha katika mililita 100 za maji, pasha juu ya sufuria ya maji moto, isichemke, maana ikichemka hupoteza nguvu. Changanya kipimo kimoja cha maji hayo ya jelatini na kipimo kimoja na nusu cha unga wa chaki. Chokaa ya kupakia nyumba haifai, ni kali. Paka hadibodi tabaka 6 nyembamba, piga msasa. Ukizidisha jelatini, ubao utapasuka nyufa. Ukipunguza, chaki itabaki mkononi.

Udongo mwekundu wa Kigoma ni rangi nzuri sana. Chimba chini ya mizizi ya majani, koroga ndani ya ndoo ya maji, subiri dakika moja mchanga utuame, mwaga maji machafu kwenye chombo kingine. Yakitulia, kausha tope hilo laini, lisage juu ya kioo na maji kidogo hadi liwe uji mzito.

Sasa vunja yai, tenga ute. Kizungushe kiini kutoka kiganja hadi kiganja, ukifuta mikono, mpaka ngozi yake ikauke. Kishike kwa vidole viwili, kitoboe, kiini kitiririke kikombeni, ngozi itupe. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha maji, kisha changanya kiasi sawa na uji wa udongo. Pima kwa kupaka kioo na kukwangua kwa wembe baada ya kukauka: ikitoka kama utepe, sawa, ikitoka vumbi, ongeza kiini, iking'aa kama mafuta, ongeza udongo. Joto la huku huliozesha yai, hivyo tengeneza ya siku hiyo tu.

Kamua brashi kabla ya kugusa ubao, weka mistari mifupi, myembamba, tabaka juu ya tabaka. Brashi yenye maji mengi huinua rangi ya chini, na kosa hilo halifutiki kirahisi.

Ikiisha, iweke mahali pakavu penye hewa miezi 6 kabla ya kuifunika kwa kioo. Mvua za Novemba hadi Aprili huleta ukungu, na mende hula kiini.