Kabla Hujafundisha Usemi wa Taarifa kwa Kiingereza: Ya Kuandaa Mapema

Askari mmoja wa geti, mtu mzima anayefanya kazi mtaa wa Milimani hapa Kisumu, alinieleza kilichompata kazini. Mgeni alifika mwenye nyumba akiwa ametoka, akaacha maneno kwa Kiswahili: "Mwambie nitarudi saa kumi." Mwenye nyumba hakijui Kiswahili, kwa hiyo aliporejea aliambiwa: "He said he will come at ten." Akatoka tena, akijua mgeni atafika saa nne usiku. Mgeni akarudi alasiri saa kumi, akakuta hayupo, na lawama zote zikamwangukia askari. Kwenye sentensi ile mwalimu wa sarufi angesahihisha "will" aweke "would". Kilichomuumiza yule mzee ni saa.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyojiandaa kwa somo hili la usemi wa taarifa, yaani kueleza maneno aliyoyasema mtu mwingine. Nafundisha Kiingereza cha watu wazima jioni, katika ukumbi mdogo upande wa Nyalenda. Wanaokuja ni akina mama wauza samaki, wahudumu wa hoteli, vijana wa boda, mafundi, na wachache wanaorudia mtihani. Vitabu vingi huanza na jedwali: "will" inageuka "would", "can" inageuka "could", "must" inageuka "had to". Jedwali lina kazi yake, nami hulichora. Lakini aliyetumwa maneno huulizwa kwanza: ni maneno ya nani, yanamhusu nani, na ni ya lini. Maandalizi yako yaanzie kwenye maswali hayo matatu, sarufi iyafuate.

Chunguza kwanza wanafunzi wako wanajua nini tayari. Wengi wa rika letu walisoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, na usemi halisi na usemi wa taarifa walikutana nao katika somo la Kiswahili wakiwa shule ya msingi. Aliyefika kidato cha nne alikutana nao tena katika karatasi ya pili, ile ya lugha. Basi mimi huanza kwa Kiswahili. Naandika ubaoni: "Nitakuja hapa kesho," Akinyi alisema. Nawaambia waigeuze. Kuna atakayekumbuka tu: Akinyi alisema kwamba angeenda hapo siku iliyofuata. Kesho imekuwa siku iliyofuata, hapa pamekuwa hapo, -ta- imekuwa -nge-, na hata kuja kumegeuka kwenda. Kisha naweka ya Kiingereza chini yake, "tomorrow" na "the next day", "here" na "there", "will" na "would", "come" na "go". Mama mmoja aliangalia mistari ile miwili akasema, "Kumbe ni kitu kimoja, mwalimu." Na kweli ni kitu kimoja.

Ila uwe umejiandaa kwa swali litakalofuata, maana litakuja. Pale sokoni Kibuye hakuna anayesema "alisema angekuja siku iliyofuata". Watu husema "alisema atakuja kesho," na wanaelewana vizuri kabisa. Ndiyo sababu "He said he will come" hutoka mdomoni bila kusita. Mwanafunzi si mzembe, anatafsiri Kiswahili chake cha kila siku, na ukilijua hilo kabla hutamkaripia. Amua mapema pia utawaambia nini kuhusu kugeuza wakati wa kitenzi, kwa sababu Kiingereza chenyewe hakilazimishi kila mara. Jambo likiwa bado ni kweli, wenye lugha huliacha lilivyo: "She said Kibuye is busiest on Sunday." Wale wanaorudia mtihani nawaambia wageuze kila wanapoweza, wasipoteze alama. Wa mazungumzo nawaambia wageuze pale maneno yalipokwisha pitwa na wakati. Naona ni haki kuwaeleza tofauti hiyo waziwazi kuliko kuwapa sheria moja itakayovunjwa mbele yao na Mwingereza wa kwanza watakayekutana naye.

Kwa hiyo panga somo lako lianze na "says", si "said". Hapa ndipo mazungumzo ya kila siku yalipo. Simu inalia stejini, mtu anaipokea, wa pembeni anauliza yuko wapi, naye anajibu: "Anasema yuko Kondele." "He says he's at Kondele." Wakati haujageuka hata kidogo, kilichogeuka ni mtu tu, "I" imekuwa "he". Nampa kila mmoja nafasi ya kuwa yule aliyeshika simu, na wanazungumza hadi jioni inaisha bila kugusa jedwali. Hakikisha tu sentensi ulizoandaa zina majina. Kiambishi a- cha Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke, wala Kijaluo hakibagui, na "anasema amemwona" kwa Kiingereza ina sura nne: he na him, he na her, she na him, she na her. Ukileta sentensi isiyo na majina utakuwa unapima kubahatisha kwao. Sema Otieno, sema Akinyi, ndipo umsahihishe anayemwita Akinyi "he".

Kuhusu "say" na "tell", usitunge sheria mpya. Sheria ipo tayari kwenye kuambia na kusema. Huwezi kumwambia mtu kwa Kiswahili bila kumtaja mtu huyo ndani ya kitenzi: aliniambia, alikuambia, alituambia. "Tell" ni hivyo hivyo, inataka mtu mara moja, "he told me". Kusema kunasimama peke yake, na "say" inasimama peke yake. Nikishaandika aliniambia na kupigia mstari ile -ni-, kosa la "he told that" hupungua siku hiyo hiyo.

Jambo ninaloliandaa kwa muda mrefu zaidi ni -me-. Wanafunzi wamefundishwa kwamba -me- ni "have", kwa hiyo katika taarifa inakuwa "had". Halafu mtu anasema "Nimechoka," na taarifa inatoka "She said she had tired." Kiswahili kinatumia -me- kwa hali aliyo nayo mtu sasa: nimechoka, nimeketi, nimelala, nimevaa koti, nimeshiba. Kiingereza kinasema "I am tired", "I am sitting", "I am wearing a coat". Hivyo taarifa yake ni "she was tired", "she was sitting". Ila nimekula na nimelipa ni matendo yaliyokwisha, na hayo ndiyo yanayochukua "had": "she said she had paid." Usiku wa kuamkia somo napanga sentensi zangu zote katika mafungu mawili, za hali na za tendo, na nikiona siwezi kuamua sentensi iko fungu gani naitupa. Ukiikosa kazi hii nyumbani, utaifanya ubaoni huku watu ishirini wanakuangalia, na utawachanganya kwa muda mrefu.

Maswali hayasumbui sana ukitumia "kama". "Umelipa?" inakuwa "aliniuliza kama nimelipa", na "kama" ni "if". Swali lenye wapi, lini au nani ndilo lenye mtego, kwa sababu mwanafunzi amehangaika sana kujifunza kupindua maneno, "Where are you going?", na sasa unamwambia ayarudishe: "She asked me where I was going." Mwonyeshe kwamba mpangilio wa "naenda wapi" haukubadilika hata kwa Kiswahili. Makatazo nayo yanataka sentensi mbili tatu tu: "nisiende" ni "not to go", wala si "to don't go".

Sasa adabu. Kwa Kiswahili "amesema umpigie" ni maneno ya kawaida, hayana ukali. Askari wetu akimwambia mwajiri "He told you to call him," kwa sikio la Mwingereza mgeni ametoa amri. "He asked you to call him" ndiyo inayofikisha kile mgeni alichokusudia. Tofauti yake ni ile ya kuambia na kuomba, na wanafunzi wanaishika haraka wakiona kwamba "please" ya mgeni haipotei njiani, inaingia ndani ya kitenzi "ask". Nenda na orodha fupi ya vitenzi vinavyobeba nia ya msemaji: aliahidi, alikataa, alionya, alikumbusha, alilalamika. "She promised to bring the change" ina uzito ambao "she said she would bring the change" haina, na mama anayeuza omena kwa mkopo anaujua uzito huo kuliko mimi. Angalia tu "explain" na "suggest", hazifuati wenzake: ni "he explained to me", na ni "he suggested that we wait".

Na usiondoke nyumbani bila "ati". Neno hili dogo ni nusu ya mazungumzo yetu. "Ati?" peke yake, aliyekosa kusikia anaomba urudie: "Sorry, what did you say?" Na jibu lake ni usemi wa taarifa ambao hakuna anayeuona kuwa sarufi: "I said I'm coming." Halafu kuna "ati hana pesa", ya kutilia shaka, ambayo kwa Kiingereza inakaribiana na "he says he has no money", mkazo ukikaa kwenye "says". Mkazo huo lazima uufanyie mazoezi kwa sauti kabla, peke yako, kwa sababu maandishi hayauonyeshi.

Saa uibebe. Mimi nina saa ya ukutani iliyokufa betri, naizungusha mikono kwa kidole. Saa kumi, "four o'clock". Saa mbili asubuhi, "eight in the morning". Hakuna ujumbe unaopita darasani kwangu bila saa ndani yake. Natumia pia maneno ya hospitali, maana hapo kukosea ni hatari. Hali yenyewe wanaijua: umetoka Russia, kama tunavyoiita hospitali kuu ya rufaa hapa, na wiki ijayo daktari mwingine anakuuliza mwenzake alikuambia nini. "She told me to take one tablet every eight hours and to come back on Tuesday." Nawapanga watu sita mstari mmoja, wa kwanza ananong'onezwa, wa mwisho anasema kwa sauti, na tunalinganisha na karatasi. Ujumbe usizidi sentensi mbili.

Kabla ya kuwagawa wawili wawili, uliza nani anahusiana na nani. Niliwahi kumweka kijana azungumze na mama mkwe wake, na wote wawili wakainamisha macho hadi kipindi kikaisha. Heshima ile haikuwa ya kuvunjwa kwa ajili ya zoezi langu. Hali kadhalika andaa wewe mwenyewe maneno ya kupeleka, usiwaachie walete ya mtaani, kwa sababu "alisema kwamba" ni njia fupi sana ya kufika kwenye masengenyo, na watu hawa ni majirani. Ukitaka kutumia sauti halisi za WhatsApp, mwombe ruhusa mwenye sauti, na useme itasikizwa na wangapi.

Mvua ya ziwani hupenda kunyesha alasiri na jioni, na chini ya mabati mazungumzo yanakufa papo hapo. Kuwa na zoezi la kuandika kwa siku hiyo, la kurasa mbili, na mshumaa au taa ya simu kwa stima ikipotea.

La mwisho ni karatasi ndogo ninazozikata mchana, moja kwa kila mwanafunzi na mbili za ziada. Kila moja ina ujumbe wa Kiingereza wa kumpelekea mwanafunzi mwenzake anayekaa karibu naye, nao wanakuja kesho yake na jibu. "Ask him if he has repaired the door." "Tell her the meeting is at two." Jana yule askari alivua kofia, akasimama, akasema: "I asked him. He said he had repaired it, but he said the key was still with his wife, and she would bring it at four o'clock." Kisha akainua mkono, akaonyesha vidole kumi, ili wote tujue.