Kabla ya Kukwangua Kihisi cha Kamera kwa Picha za Anga

Kihisi cha kamera, yaani sehemu inayopokea mwanga na kuugeuza picha, chenyewe hakijui rangi. Rangi huletwa na kichujio cha Bayer kilicho juu ya pikseli: katika kila pikseli nne, mbili hupokea kijani, moja nyekundu na moja buluu. Anayepiga nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, kwa mwanga wa haidrojeni wa nanomita 656.3 hutumia robo tu ya kihisi alichonunua. Ndiyo maana watu hulikwangua tabaka hilo la kichujio. Ila vilenzi vidogo vinavyokusanyia kila pikseli mwanga huondoka nalo, kwa hiyo usitegemee faida ya mara nne. Ikiwa shida yako ni wekundu hafifu tu, inatosha kutoa kichujio cha mbele kinachozuia infraredi, na kihisi usikiguse.

Ukishaamua, tafuta kwanza kamera mbovu ya kujifunzia. Epuka vihisi vipya vinavyopokea mwanga kwa upande wa nyuma, kwani silikoni yake iko karibu mno na uso.

Kutoa betri hakuifanyi kamera kuwa salama. Kapasita ya flashi, kifaa kinachohifadhi umeme, hubaki na volti 300 hivi; iishushe kwa rezista ya kilo-omu 2, ya wati 5, kisha hakikisha kwa maltimita, kipimo cha umeme. Vaa mkanda wa kuzuia umeme tuli. Skrubu nyingi ni za kiwango cha Kijapani cha JIS, na bisibisi ya kawaida ya msalaba huzila vichwa. Zibandike kwenye karatasi kwa mpangilio ulivyozitoa.

Hatari kubwa iko pembeni mwa kihisi. Kioo cha juu kimegandishwa kwa gundi, na chini yake, kandokando, zimepangwa nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele. Wembe ukizama kidogo tu, uzi hukatika, na nyumbani hauungiki. Basi andaa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, ya kuzifunika nyuzi hizo mara kioo kinapotoka, uiache ikauke kabisa, na ukubali kuacha ukingo usiokwanguliwa. Kwangua kwa kijiti cha mbao au plastiki. Chuma huchimba hadi kwenye saketi.

Fikiria pia fokasi. Ukiondoa kioo cha unene wa milimita 3, fokasi husogea takriban milimita 1 kuelekea lenzi. Kwenye darubini utarekebisha tu, lakini lenzi ya kawaida inaweza kushindwa kufika kwenye nyota, mpaka uweke kioo kingine cha unene uleule.

Kamera haitajua kwamba rangi zimeondoka. Hifadhi kwa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, na utafute programu inayosoma faili hiyo bila kukisia rangi za pikseli jirani. Picha za mwanga sawia za kusahihishia, yaani za uso ulioangazwa sawasawa, utazihitaji kila usiku, maana ukwanguaji huacha madoa.

Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, piga picha za giza za dakika 5, lenzi ikiwa imefunikwa, uzihifadhi. Bila hizo hutatambua mstari upi kwenye picha ulikuwapo na upi umeuleta wewe.