Namna ya kuhakiki gemu: la mpira, la ngumi, la magari na mengineyo

Anayesoma uhakiki wa gemu ana swali moja: nitoe hela au nisitoe? Nyuma yake yapo madogo madogo. Litacheza vizuri kwenye mashine yangu? Litakula bando kiasi gani? Litanishika mwezi mzima au siku mbili? Ukiandika "grafiki kali, stori imetulia, 8/10" hujajibu hata moja.

Kosa linalorudiwa sana ni kupima magemu yote kwa rula moja: grafiki kumi, sauti kumi, stori kumi, uchezaji kumi, kisha jumla inagawanywa kwa nne. Kwa hesabu hiyo Tetris ingepoteza robo ya alama kwa kukosa stori. Kila aina ya gemu inamwahidi mchezaji kitu chake, na kazi ya mhakiki ni kuona kama ahadi hiyo imetimia, kwenye mashine gani na kwa bei gani.

Kabla ya kushika pedi

Fungua daftari uandike mambo matano: mashine yenyewe (PS4 ya kawaida si PS4 Pro, na zote si PS5), namba ya toleo la gemu, kiwango cha ugumu ulichochagua, saa ulizocheza, na nakala uliipataje. Kama kampuni imekupa bure, sema hivyo juu kabisa, usifiche mwishoni.

Jambo la mashine si la kupuuza. Cyberpunk 2077 lilipotoka Desemba 10, 2020, wahakiki walikuwa wamepewa toleo la kompyuta tu, na alama zilikuwa za juu. Walionunua la PS4 na Xbox One wakakuta gemu linaganda, linajizima, magari yanachelewa kuonekana barabarani. Wiki moja baadaye Sony waliliondoa dukani kwao, likarudi Juni 2021. Wahakiki hawakudanganya, walichohakiki hakikuwa kile alichonunua mwenye PS4. Kwa wasomaji wetu, ambao wengi bado wako PS4 au simu ya bei ya kati, alama iliyopatikana kwenye kompyuta ya milioni kadhaa haina maana.

Andika pia ukubwa wa kupakua, pamoja na masasisho ya siku ya kwanza. Diski siku hizi haihakikishi kitu. Ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 kwa PS5 ilikuwa na chini ya MB 100, gemu lenyewe lilishushwa lote kwa intaneti. Mtu anayenunua bando la wiki anapaswa kulijua hilo kabla ya kulipia diski.

Kupima wepesi wa pedi kwa kamera ya simu

"Gemu ni zito" ni maneno ya hisia. Unaweza kuyageuza kuwa namba bila kifaa cha gharama.

Weka televisheni kwenye Game Mode (hali ya magemu kwenye mipangilio yake). Simamisha simu mahali ambapo kidole gumba chako na skrini vinaonekana kwa pamoja, kisha rekodi mwendo wa polepole wa fremu (picha moja moja za video) 240 kwa sekunde. Bonyeza kitufe cha kuruka mara kumi, ukiacha nafasi kati ya mbonyezo na mbonyezo. Rudia video fremu moja moja, ukihesabu tangu kitufe kinapofika chini hadi mhusika anapoanza kujongea. Kila fremu ni kama milisekunde 4.2 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), kwa hiyo fremu 24 ni milisekunde 100. Tupa kipimo kikubwa kuliko vyote na kidogo kuliko vyote, chukua wastani wa nane zilizobaki.

Yanayoharibu kipimo ni haya. Simu nyingine hudai fremu 240 lakini hutengeneza za katikati zenyewe. Rekodi saa ya kusimamisha inayokimbia, na ukiona tarakimu zimekaa kama kivuli, moja juu ya nyingine, ujue ni za kutunga. Chumba chenye giza hufanya kidole kiwe ukungu. Televisheni isiyo kwenye Game Mode huongeza makumi ya milisekunde ambayo gemu halina hatia nayo. Kwa sababu hiyo usitangaze namba peke yake: pima gemu jingine unalolijua vizuri kwenye televisheni hiyohiyo, kwa pedi hiyohiyo, uripoti tofauti kati ya hayo mawili. Tofauti ya milisekunde 10 iache. Ikifika 50, hata mchezaji wa kawaida ataihisi.

Magemu ya mpira

Hapa ndipo uhakiki wa haraka unapoaibika zaidi. Mechi tano za mwanzo zinakufundisha vitufe tu. Cheza angalau ishirini: kumi dhidi ya mashine kwenye ugumu wa juu, kumi dhidi ya mtu aliyekaa pembeni yako. Mtandaoni zihesabu kando, maana huko unapima na seva.

Kwa kila bao, lako au ulilofungwa, andika limepatikanaje: pasi ndefu juu ya mabeki, krosi, pasi ya kurudi nyuma kutoka mstari wa goli, shuti la mbali, kona, penalti. Baada ya mechi ishirini hesabu. Ikiwa zaidi ya nusu ya mabao yametoka kwa njia moja, gemu lina ugonjwa, na wachezaji wataugundua ndani ya wiki mbili, kisha kila mtu mtandaoni atacheza hivyohivyo. Huu ndio ugonjwa unaoua magemu ya mpira, na hauonekani kwenye picha za matangazo.

Angalia pia kubadilisha beki. Mpinzani anapokimbia na mpira, bonyeza kitufe cha kubadilisha mara moja: je, anakuja beki aliye kwenye njia ya mpira, au yule aliye karibu na mpira lakini tayari ameachwa nyuma? Andika ni mara ngapi kati ya kumi amekuja asiyefaa. Wachezaji wengi wanaolalamika kuwa beki zao "zimelala" wanalalamikia kitu hiki bila kukijua jina.

Na usihukumu kwa jina la zamani. eFootball lilipochukua nafasi ya PES, toleo la Septemba 30, 2021 lilitoka na timu chache na nyuso zilizopinda, likapondwa kila kona. Toleo la 1.0.0 la Aprili 2022 lilikuwa gemu jingine kabisa. Ni bure kupakua, kwa hiyo swali la hela linahamia kwenye kadi za wachezaji. Hilo nitalirudia chini.

Magemu ya ngumi

Street Fighter 6 na Tekken 8 yanakwenda fremu 60 kwa sekunde, na kila fremu ni milisekunde 16.7. Kila pigo lina hesabu yake: fremu za kuanza, fremu za kugusa, fremu za kurudi. Yote mawili yanakuonyesha namba hizo kwenye sehemu ya mazoezi, na gemu la ngumi linalozificha siku hizi linastahili kukatwa alama. Zisome hivi: pigo lako likizuiwa ukabaki nyuma kwa fremu 5, mpinzani mwenye ngumi ya fremu 4 anakupiga bila wewe kuweza kujikinga. Chagua wahusika watatu, tafuta pigo ambalo hata likizuiwa linamwacha mpigaji salama, linafika mbali na linaanza haraka. Ukilipata pigo la namna hiyo, umeshaiona dosari ya gemu kabla ya mashindano kuianika.

Mtandaoni uliza linatumia mfumo upi. Mfumo wa zamani husubiri taarifa ya mpinzani ifike, ndipo uchore. Intaneti ikiyumba mhusika wako anakuwa kama anatembea ndani ya uji. Mfumo wa kurudisha nyuma hukisia mpinzani atabonyeza nini, na ukikosea hurudi fremu kadhaa na kuchora upya; dalili yake ni mhusika kuruka ghafla kutoka pale hadi hapa. Kwa mchezaji wa Mwanza au Mombasa, ambaye seva au mpinzani wake mara nyingi yuko nchi ya mbali, mfumo wa pili ndio unaochezeka. Cheza mechi kumi na andika pingi (muda wa taarifa kwenda na kurudi mtandaoni) ya kila moja, vinginevyo neno "linakwama" litamhusu mtoa huduma wako wa intaneti kuliko gemu.

Mbio za magari

Chukua gari moja, njia moja, zungusha mizunguko mitatu. Badilisha matairi, zungusha mitatu tena. Muda usipobadilika na gari lisipohisi tofauti kwenye kona, gemu linalojiita la uhalisia limekudanganya. Lile la burudani tu lisamehe. Zima msaada wa breki na wa usukani kabla ya kuandika lolote kuhusu mwendo wa gari. Kama una usukani, sema pia linavyochezeka kwa pedi, kwa sababu wasomaji wengi wana pedi.

Magemu marefu ya hadithi

Haya, ambayo wengi huyaita RPG, yanahitaji uaminifu kuliko ustadi. Kama umecheza saa 15 kati ya 60, andika hivyo. Tunza sevu (hifadhi za mahali ulipofika) tatu: saa ya 2, ya 10 na ya 30. Kwenye kila moja orodhesha kazi tano za mwisho ulizopewa. Kama saa ya 30 bado unatumwa kuua wanyama kumi na kurudisha pete ya bibi, kilichoongezeka ni ukubwa wa ramani tu.

Sevu ya saa ya 2 ina faida nyingine. Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, hurudisha hela ikiwa ombi limefika ndani ya siku 14 tangu kununua na umecheza chini ya saa 2. Mwambie msomaji kama saa hizo mbili zinaonyesha gemu lilivyo kweli, au ni utangulizi uliopambwa na matatizo yanaanza saa ya tatu.

Kuhusu ugumu, usiandike "ni gumu sana" ukaishia hapo. Kufa mara kumi kwa bosi (adui mkuu) mmoja, na kila kifo andika sababu: nilichelewa kukwepa, nilikuwa na tamaa ya pigo la ziada, kamera iliingia ukutani. Ikiwa saba au zaidi ni makosa yako unayoyajua, ugumu huo ni wa haki. Ikiwa kamera na mapigo yasiyoonekana yanajirudia, ni uzembe wa watengenezaji. Taja pia kama kuna njia ya kupunguza ugumu. Celeste la 2018 ni gumu kwelikweli, lakini linamruhusu mchezaji kupunguza kasi ya gemu zima bila kumdhihaki.

Magemu ya mafumbo hayahitaji mengi: hesabu mara ulizokwama hadi ukatafuta jibu YouTube, na baada ya kuliona jiulize kama gemu lilikuwa limekupa dokezo. La kutisha licheze usiku, kwa spika za masikioni, mara moja. Ukilirudia hofu imeshaisha na hukumu yako itakuwa ya mtu mwingine.

Ya simu, na yale ya "bure"

Chaji hadi asilimia 100, mwangaza nusu, cheza dakika 30. Andika chaji iliyobaki, MB zilizotumika, na kama picha zimeanza kukwama baada ya dakika 20. Simu ikipata joto hujipunguzia nguvu yenyewe, ndiyo maana uhakiki wa dakika kumi husifia gemu ambalo halivumiliki nusu saa.

Kisha hela. Magemu mengi ya bure hukuuzia kuvuta, yaani jaribio la bahati la kupata kadi au mhusika; tafuta ukurasa wa uwezekano wa kuvipata. Wasomaji wengi huamini kitu chenye asilimia 1 hupatikana kwa hakika ukivuta mara 100. Sivyo: kati ya watu 100 watakaovuta mara 100 kila mmoja, kama 37 wataondoka mikono mitupu. Zidisha bei ya kuvuta mara moja kwa 100, igeuze kuwa shilingi, uandike hapo. Kama gemu lina kikomo cha kuhakikishiwa, yaani idadi ya kuvuta ambayo ukiifikia lazima ukipate, taja ni mvuto wa ngapi.

Alama huja mwisho

Andika aya zote kwanza, namba baadaye. Amua 5 ni ya kawaida, kisha uisimamie. Ukianza kutoa 7 kwa gemu bovu, 9 yako imekufa. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, hupaka kijani kuanzia 75, njano 50 hadi 74, nyekundu chini ya hapo, na kampuni huzitazama rangi hizo. Watengenezaji Obsidian walikosa bonasi ya gemu la Fallout: New Vegas kwa sababu mkataba ulitaka 85 na gemu likapata 84. Hiyo si sababu ya kumwonea mtu huruma kwenye alama, ila ni sababu ya kutoirusha namba ovyo.

Badala ya "uchezaji mzuri", andika sentensi inayoweza kukaguliwa: "Kwenye PS4 ya kawaida, toleo 1.03, mabao 31 kati ya 52 yalitokana na pasi ndefu. Dhidi ya rafiki sebuleni linafurahisha, mtandaoni subiri masasisho."

Weka tarehe, na rudi kukagua baada ya wiki sita. Tekken 8 lilitoka mwishoni mwa Januari 2024, na duka la kuuza mavazi kwa hela halisi likafunguliwa Februari, alama zikiwa zimeshatolewa. Gran Turismo 7 lilipunguza zawadi za mbio Machi 2022, wiki chache tu baada ya kutoka, hadi wachezaji wakawaka na kampuni ikarudi nyuma. Ukikuta mabadiliko ya namna hiyo, acha maandishi ya zamani yalivyo, ongeza aya mpya juu yenye tarehe na namba ya toleo jipya, na ukibadilisha alama andika zote mbili.