SOMO: Kupima kama 2^p − 1 ni namba tasa, kwa kalamu na karatasi

Nimechoka kujibu hili swali mtu mmoja mmoja. Kila ikitajwa ile namba tasa iliyogunduliwa Oktoba 2024, 2^136279841 − 1 yenye tarakimu 41,024,320, lazima atokee wa kuuliza kama waliigawanya kwa kila namba. Hapana. Ilithibitishwa kwa kipimo cha Lucas-Lehmer, na kwa namba ndogo unakifanya mwenyewe. Tuchukue p = 7, yaani 2^7 − 1 (2 ijizidishe mara 7, utoe 1), ambayo ni 127.

1. p iwe tasa, na isiwe 2.
2. Anza na 4.
3. Ipige mraba, toa 2, chukua baki ya kugawanya kwa 127.
4. Rudia hatua ya 3 mpaka zitimie mara p − 2. Hapa ni mara 5.
5. Ukiishia 0, ni tasa. Ukiishia kingine chochote, si tasa.

Hatua ya 3 ndiyo inayowaangusha watu. Usihangaike na 127. Gawanya kwa 128, yaani 2^7, kisha jumlisha jibu na baki. 4 inazaa 14. 14 inazaa 194: 1 baki 66, jumla 67. 67 inazaa 4487: 35 baki 7, jumla 42. 42 inazaa 1762: 13 baki 98, jumla 111. 111 inazaa 12319: 96 baki 31, jumla 127. ANGALIA: 127 hapo ni 0! Jumla ikizidi 127, gawanya kwa 128 tena. Na ile 4 ya mwanzo haihesabiwi.

MASWALI

— Mkuu, 11 ni tasa, kwa hiyo 2047 nayo ni tasa?
Nimesema p lazima iwe tasa, sijasema inatosha. 2047 = 23 × 89. Zungusha mara 9, utaishia 1736.

— Mbona mimi kwa 127 nimeishia 111?
Umehesabu ile 4 ya mwanzo. Imeandikwa hapo juu.

— Namba ikifeli, kipimo kinatuonyesha vigawo vyake?
Swali zuri hili. Hakionyeshi. Mwaka 1876 mwanahisabati Lucas, huyo wa kwenye jina la kipimo, alijua 2^67 − 1 si tasa, bila kigawo hata kimoja mkononi. Mwanahisabati Frank Nelson Cole ndiye aliyevileta mwaka 1903: 193,707,721 × 761,838,257,287. Ukivitaka, jua kwamba kila kigawo tasa cha 2^p − 1, ukikitoa 1, kinagawanyika kwa 2p. Jaribu kwa 2047: 22 na 88, zote zinagawanyika kwa 22. Tena kukigawanya kwa 8 lazima kibaki 1 au 7.

— Kwa p = 31 kikokotoo cha simu kinatosha?
Mraba unaweza kufika tarakimu 19, na vikokotoo vingi vitakata za mwisho. Tumia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, haikati namba kamili. Au fuata njia ya mwanahisabati Euler, aliyethibitisha 2^31 − 1, yaani 2,147,483,647 mwaka 1772: jaribu namba tasa hadi 46,340 tu, tena zile zinazobaki 1 au 63 ukizigawanya kwa 248, maana ndizo zinazotimiza yale masharti mawili ya vigawo hapo juu.