Vishindilio vya kiko kutoka masalia ya mpingo

Mgeni mmoja alipita vinyago vyote kwenye kibanda changu pale Mwenge, Dar es Salaam, akauliza kama nina kitu cha kushindilia tumbaku kwenye kiko. Sikuwa nacho. Akatoa mfukoni alichokuwa akitumia: msumari wa inchi nne, kichwa kimeungua hadi kuwa cheusi. Jioni ile nikakereza kijiti changu cha kwanza. Leo vishindilio vinanilipia kodi ya kibanda kuliko vinyago, nami naviuza shilingi elfu kumi tu.

Siri ya bei hiyo iko kwenye mbao. Usinunue gogo. Mpingo ndio mti wa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, na wapasuaji wanaotafuta vipande safi vya ala hizo huacha vingi vyenye fundo, ufa au ukanda mweupe wa nje. Kishindilio hakihitaji zaidi ya kipande chenye unene wa inchi moja na urefu wa sentimita 9. Gunia la masalia hunigharimu elfu ishirini, nami hupata vipande kama 40 vya kufaa. Dai risiti na uulize mbao imetoka wapi. Kilwa kuna misitu ya vijiji iliyopata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, shirika la kimataifa la misitu, mwaka 2009, na mteja wa Ulaya ukimweleza hilo humsikii tena akivuta bei.

Kabla ya kulipa, kwaruza kila kipande kwa ncha ya msumari. Wapo wanaopaka kiwi nyeusi ya viatu kwenye mbao nyingine na kukuuzia kwa jina la mpingo. Ukiwa na ndoo ya maji karibu, tosa: kiini cha mpingo huzama.

Sasa subira, na hapa ndipo nilipoumia. Niliwahi kutuma vishindilio 30 vya mbao mbichi kwenye duka moja Ulaya, mwezi Januari. Vikakaa kwenye chumba chenye hita, na 11 vikapasuka kuanzia mguuni, ile ncha inayoshindilia tumbaku, hadi shingoni. Nilirudisha pesa na mteja sikumwona tena. Siku hizi napaka nta kwenye ncha mbili za kila kipande, nakiweka kivulini juu ya rafu, naandika mwezi kwa chaki. Baada ya miezi sita napima uzito kila wiki kwa mizani ya jirani yangu wa duka la nafaka. Uzito ukiacha kushuka, ndipo nakereza.

Mguu ndio kazi yenyewe. Tundu la kiko huwa na upana wa kama milimita 18 hadi 22, kwa hiyo mguu wangu ni milimita 13: unazunguka bila kugusa kuta. Uso uwe bapa, kingo zilazwe kidogo kwa msasa ili zisichimbe majivu. Juu yake weka shingo nyembamba, kisha shina la kushika, jumla milimita 80. Shina liache bila nakshi. Kuna aliyetaka ujamaa, ile nakshi ya watu waliobebana, wa watu watano kwenye kitu cha ukubwa wa kidole. Nilimchongea kimoja kwa siku mbili, macho yakauma, na bei haikuwa elfu kumi.

Ukitaka mguu wa shaba njano, futa mpingo kwa spiriti kwanza, maana una mafuta na gundi haishiki, kisha tia gundi ya epoksi.

Piga msasa namba 120, 240, 400, halafu kitambaa na nta ya nyuki. Mguuni usipake kitu chochote: vanishi ikikutana na tumbaku inayowaka, mvutaji anavuta vanishi. Na vaa barakoa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.

Hesabu yangu ni hii: mbao 500, msasa na nta 700, umeme 300. Nakereza 20 kwa mkupuo, nusu saa na ushee kila kimoja. Wenye maduka wanaochukua kuanzia kumi nawapa kwa elfu saba. Bei naiandika kwenye kadi, hapo hakuna kupatana.

Kwa wa nje ya nchi, kumbuka mpingo umo tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Pita kwa watu wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, uulize kibali kabla hujafunga bahasha. Picha nazipiga kishindilio kikiwa kando ya sarafu ya mia mbili, la sivyo mtu anadhani ni mchi.

Yule mgeni alirudi mwaka uliofuata, akanunua vinne. Msumari wake aliniachia, na ndio ninaokwaruzia mbao hadi leo.