Karabina: soma mgongo kabla ya kulipa
Wale mnaopanda minara ya simu au michikichi huku Kigoma, ukikuta karabina (ile pete ya chuma yenye mlango, ya kunasia kamba) mnadani usidanganywe na unene, igeuze usome mgongoni, ule upande usio na mlango, lazima pawe na namba na kN (kilonewton, kipimo cha nguvu inayohimili). Ikivutwa kwa urefu iwe kN 20 kwenda juu, yaani inabeba kama tani mbili hivi, ila ikivutwa kiubavu au mlango ukiwa wazi inashuka mpaka 7 au 8 tu, ndo maana chukua yenye mlango wa kukaza kwa kuzungusha. Haina kN? Hiyo ya funguo, mwachie mwenyewe. Ila namba haisaidii kama kamba imeshachimba mfereji kwenye chuma, na mkanda wa kiunoni wa mitumba ndo usiguse kabisa, jua na maji ya betri yanakula uzi na kwa macho huoni kitu.